Mioyo Yetu Isisubiri Washington

Tarehe 1 Mei 2025, Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, NIH, zilitangaza kwamba hazitatoa ruzuku mpya zenye fungu la mshirika wa nchi za nje hadi utaratibu mwingine wa kuzifuatilia uwekwe. Watafiti wengi wa Afrika walilalamika, na walikuwa na haki: uamuzi ule ulikuwa wa pupa. Kinachoniudhi ni kilio kuishia hapo, utadhani kuijua mioyo yetu ni jukumu la mlipa kodi wa Ohio.

Tuseme kijana wa Mayoni, kule Matungu, Kakamega, anaanguka akicheza mpira na kukata roho papo hapo. Matangani watu watanong'ona kuwa karogwa. Kumbe huenda alirithi hitilafu ya jeni inayovuruga umeme wa moyo, na hitilafu za namna hiyo mara nyingi haziachi alama ambayo daktari wa maiti angeiona.

Njia ya kuzichunguza ipo. Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Kyoto alionyesha kuwa seli za ngozi ya mtu mzima zaweza kurudishwa kuwa seli shina, na mwaka 2012 akapata Tuzo ya Nobel. Seli hizo hugeuzwa kuwa seli za moyo, nazo hudunda zenyewe ndani ya sahani ya maabara. Mwaka 2010 watafiti wa Munich walifanya hivyo kwa seli za familia yenye ugonjwa wa QT ndefu, ambao moyo huchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na kasoro ikajitokeza sahanini.

Wako wanaosema hii ni anasa wakati zahanati hazina dawa. Wengine wanashauri tununue seli zilizokwisha kutengenezwa ng'ambo. Sawa, gharama ni kubwa. Lakini ushauri huo wa pili unaanguka mara moja, kwa sababu jeni moja haifanyi kazi peke yake.

Afrika Kusini ziko familia zilizorithi hitilafu ileile ya jeni ya KCNQ1, iletayo QT ndefu, kutoka kwa mhenga mmoja mlowezi. Baadhi yao hufa wakiwa wadogo, wengine huzeeka bila dalili. Sehemu ya tofauti hiyo imeonekana katika jeni nyingine, NOS1AP. Ikiwa ndugu wa ukoo mmoja wanatofautiana hivyo, seli za Mjerumani zitamweleza nini daktari wa Kakamega? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliripoti badiliko la jeni ya SCN5A ambalo takriban watu 13 kati ya kila 100 wa Wamarekani weusi wanalo. Wengi wao hawaugui kamwe, ila hatari ya moyo kuvurugika huongezeka wanapotumia dawa fulani au madini ya potasiamu yanapopungua mwilini. Badiliko hilo ni nadra mno kwa Wazungu. Ungelitafuta kwao tu, usingelijua.

Na dawa zenyewe ni zipi? Halofantrini, iliyotumika kutibu malaria, ilihusishwa na vifo vya ghafla kwa kuuchelewesha moyo kujiandaa kwa pigo linalofuata. Piperakuini, iliyomo katika tiba ya pili ya malaria hapa Kenya, nayo hurefusha muda huo wa kujiandaa, ingawa kwa wengi haileti madhara. Hao wachache wanaodhurika ni akina nani? Magharibi mwa Kenya, ambako malaria haikauki, swali hili ni la kila duka la dawa. Ati anasa!

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inaitaka Hazina itenge asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Hazina haijawahi kufanya hivyo. Wabunge walioipitisha sheria hiyo hawakushurutishwa na NIH, na wanaoipuuza leo hawazuiwi na NIH. Waziri wa Fedha husimama bungeni kila Juni na mkoba wake. Mbunge wa Matungu yumo ukumbini, na wa Mumias Magharibi, na wa Lurambi; atakayeuliza asilimia 2 iko wapi hahitaji ruhusa ya Washington.