Fundi Naye ni Msomi

Msomaji kijana, liko neno moja baya ambalo limezoewa mno katika shule zetu hata halimshtui mtu tena. Mwanafunzi akishindwa na hesabu, au akipata alama ndogo katika mtihani, huambiwa, "Basi, wewe utakuwa fundi." Neno hili husemwa kama hukumu. Wazazi hulisema, wanafunzi huambiana, na kwa masikitiko nasema kuwa hata walimu wenzangu hulitamka. Nia ya insha hii ni kulipinga. Nadai kwamba ufundi wa kutengeneza na kufunga vyombo vya nyumbani, kama pasi, jokofu, jiko, mashine ya kufulia na hita ya maji ya kuogea, si kimbilio la walioshindwa kusoma. Kazi hii yenyewe ni kusoma. Asiyesoma haiwezi, naye akiishika kwa kubahatisha aweza kuua mtu.

Tazama vyombo vilivyomo katika nyumba zetu. Havikutoka mahali pamoja. Pasi hii ilinunuliwa Nairobi, na ile ililetwa zawadi na shangazi anayeishi Marekani. Mashine ya kufulia ilirudi na dada aliyekuwa akifanya kazi Saudi Arabia. Hita ya kuogea iliundwa Brazili. Jiko lilikuwa katika nyumba ya watu Ulaya kabla ya kushushwa Mombasa na kuuzwa kama mtumba. Kila chombo kimekuja na desturi ya kwao. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, nao hupiga mizunguko 50 katika kila sekunde, yaani hezi 50. Umeme wa majumbani Marekani na Kanada ni wa volti 120 na hezi 60. Japani hutumia volti 100. Na ajabu ya nchi ile ni kuwa upande wa mashariki, uliko mji wa Tokyo, una hezi 50, na upande wa magharibi, uliko mji wa Osaka, una hezi 60. Saudi Arabia nayo ina hezi 60. Habari hizi huandikwa katika kibandiko kidogo kilicho mgongoni au chini ya chombo. Kibandiko hicho ndicho ukurasa wa kwanza wa kitabu cha fundi, na watu wengi hawajapata kukitazama hata siku moja.

Yamkini utaniuliza, "Kibandiko kitanifaa nini, maadamu dukani kuna adapta ya kuingiza plagi yoyote katika soketi yetu?" Hapo ndipo penye hatari. Adapta hubadili umbo la meno ya plagi tu, volti haizigusi. Chukua pasi ya Marekani ya volti 120 na wati 1,000. Katika darasa la fizikia umefundishwa kuwa nguvu ya umeme katika koili hukua kwa kipeo cha pili cha volti. Volti zikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Basi pasi ile ikipewa volti 240 itataka kutoa wati 4,000, nayo itavuta karibu ampea 17. Usijipe moyo kuwa fyuzi ya ampea 13 iliyo katika plagi itakatika papo hapo. Fyuzi hiyo yaweza kuustahimili mzigo huo kwa muda, na muda huo watosha koili kuungua, na kitambaa kilicho chini yake kushika moto. Kanuni uliyoiandika katika daftari ili upate alama ndiyo hiyo hiyo ambayo fundi huipima kwa moto. Ikiwa wewe waijua kanuni na hujui kufunga plagi, na yeye ajua kufunga plagi na haijui kanuni, kila mmoja wenu ana nusu ya elimu. Kwa nini basi wewe uitwe msomi, naye asiitwe?

Mwenye mashine iliyotoka nchi ya hezi 60 huambiwa anunue transfoma ya kupunguza volti, na aghalabu hudhani kuwa kwa hayo mambo yamekwisha. La, hayajaisha. Transfoma hupunguza volti, lakini hezi huziacha vile vile. Mota ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 ikitiwa katika hezi 50 huzunguka kwa sehemu tano tu za mwendo wake kati ya sita, huvuta umeme kupita kiasi, na hupata joto mpaka nyaya zake ziungue. Walakini vipo vyombo vingi vya siku hizi, kama chaja za simu na za kompyuta, ambavyo kibandiko chake husema volti 100 hadi 240, hezi 50 au 60. Hivyo havitaki transfoma. Hutaka plagi inayofaa tu. Fundi mwenye kusoma humwokolea mteja wake fedha ya transfoma isiyohitajiwa, na fundi mwenye kubahatisha humuuzia transfoma isiyomfaa.

Hata rangi za nyaya zina sarufi yake. Katika nyumba za zamani za Kenya, zilizofuata desturi ya Uingereza, waya mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa nyutro, na wa kijani ni wa ardhi. Katika desturi mpya, wa kahawia ndio wenye moto, wa buluu ni wa nyutro, na wenye milia ya kijani na manjano ni wa ardhi. Lakini katika nyaya za nyumba za Marekani mweusi ndio wenye moto, na mweupe ndio wa nyutro! Rangi ile ile ambayo huku yasema "nyutro", kule yasema "moto". Mtu aliyekariri rangi za nchi moja bila kujua kuwa ziko desturi nyingine ni kama msafiri aliyejifunza lugha moja akadhani kuwa dunia nzima husema hiyo. Tofauti ni kuwa msafiri akikosea huchekwa, na fundi akikosea huzikwa.

Nakuomba utue kidogo katika hita ya kuogea, kwa kuwa katika miji yetu chombo hiki kimeenea sana, nacho huwekwa bila hadhari. Hita ya wati 5,500 huvuta zaidi ya ampea 20. Plagi yetu ya kawaida kikomo chake ni ampea 13. Kwa hiyo hita haichomekwi katika soketi, wala haiunganishwi na waya mwembamba wa taa. Hutaka waya wake mnene, swichi yake peke yake, na waya wa ardhi usio na dosari. Katika nyingi za hita hizo koili hukaa ndani ya maji yenyewe bila kufunikwa. Maji yenye chumvi, kama ya visima vingi vya pwani, hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu; kwa hiyo hutaka hita iliyoundwa kwa ajili yake. Sasa fikiri: waya wa ardhi ndio njia ambayo umeme uliovuja hupita kwenda zake bila kumdhuru mtu. Ukiachwa, njia inayobaki ni mwili wa anayeoga, naye amelowa, na miguu yake iko sakafuni. Wapo wanaouacha waya huo kwa sababu hita huchemsha maji vizuri hata usipofungwa. Ndiyo, maji yatachemka. Yatachemka leo na kesho, mpaka siku koili itakapopasuka. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na katika jambo hili hauoti tende tu.

Jiko la gesi nalo lina somo lake. Majiko mengi ya Ulaya yaliundwa kwa gesi asilia iletwayo nyumbani kwa mabomba, na vitundu vyake vya kutolea gesi ni vipana. Gesi yetu ni ya mtungi. Ina joto jingi zaidi katika ujazo ule ule, nayo hutaka vitundu vyembamba. Jiko lisipobadilishwa vitundu hutoa mwali mrefu wa manjano na masizi. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche. Na jokofu? Majokofu ya zamani yalitumia gesi zilizoharibu tabaka la ozoni, ndiyo maana mataifa yakafanya Mapatano ya Montreal mwaka 1987, ambayo sekretarieti yake iko papa hapa Nairobi. Majokofu mengi mapya hutumia isobuteni, ambayo haidhuru ozoni lakini hushika moto. Fundi aliyezoea kuunganisha mabomba ya jokofu la zamani kwa moto, akifanya vivyo hivyo katika jipya bila kusoma kibandiko cha kompresa, anacheza na mauti.

Sasa nawageukia wapinzani wangu. Wa kwanza ni mzee mwenye kumbukumbu, naye namheshimu. Husema, "Kazi za mikono tulizilazimishwa na wakoloni ili tusipate elimu ya juu." Asemayo yana msingi. Tume ya Phelps-Stokes ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ilishauri elimu ya Mwafrika iegemee kilimo na kazi za mikono, na wazee wetu waliona wazi kuwa wanapewa jembe ili wanyimwe kitabu. Walikuwa na haki kukataa. Lakini walikataa jembe lisilo na kitabu. Hawakusema kitabu kisishike jembe. Sisi tumeugeuza ushindi wao kuwa kiburi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulileta masomo ya ufundi, na shule nyingi zilikosa karakana na zana, na baadaye mengi ya masomo hayo yakapunguzwa. Waliobaki wakifundisha ufundi ni mafundi wa jua kali, chini ya mabati na miti, bila vitabu. Hivyo mgawanyo ule ule walioukataa wazee tumeurudisha kwa mikono yetu wenyewe: kitabu huku, bisibisi kule.

Mpinzani wa pili ni mwenye fedha. Husema, "Kikiharibika nitanunua kipya." Namjibu kuwa kitupwacho hakipotei. Kwa hesabu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa, dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme mwaka 1 tu, 2022, na zilizoandikwa kuwa zilikusanywa na kutumiwa tena kwa njia ifaayo hazikufika robo. Katika taka hizo mna risasi na zebaki. Aghalabu chombo hutupwa kwa sababu ya fyuzi, mpira wa mlango, au waya uliokatika shingoni mwa plagi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwenzake huongeza, "Vyombo vya siku hizi havifunguki, waundaji wamevifunga kwa gundi." Ni kweli, na jambo hili si geni. Mwaka 1924 waundaji wakubwa wa balbu walipatana mjini Geneva kuwa balbu isidumu zaidi ya saa 1,000. Lakini lililofungwa na mapatano ya watu laweza kufunguliwa na sheria za watu. Ufaransa, tangu mwaka 2021, huwataka wauzaji waonyeshe alama ya jinsi baadhi ya vyombo vinavyotengenezeka, na Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya haki ya kutengenezewa vyombo mwaka 2024. Nchi ya watu wasiojua kufungua chombo haitajua hata kuidai haki hiyo.

Nanyi mafundi, msidhani kuwa nawasifu tu. Wapo kati yenu wanaokidharau kitabu kama vile wasomi wanavyoidharau bisibisi, na husema, "Mimi nimezoea." Mazoea ya chombo kimoja si elimu ya vyombo vyote. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yamtaka mwenye kufunga nyaya za umeme awe na leseni, na sheria hiyo haikutungwa kumwonea maskini. Walakini mteja naye ana lawama. Humtafuta fundi wa bei ndogo kuliko wote, humwambia aache waya wa ardhi ili gharama ipungue, kisha ajali ikitokea humwita mjinga. Anayenunua ujinga kwa bei nafuu asilalamike akiletewa.

Msomaji kijana, sikuhimizi ukimbilie kufungua vyombo. Tanuri ya maikrowevu, hasa, usiithubutu: kapasita yake yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Anza pale unapoweza. Leo usiku soma vibandiko vya vyombo vyote vya kwenu, uandike volti, hezi na wati, uzigawe upate ampea. Mwombe mwalimu wa fizikia akufundishe kufunga plagi isiyo na umeme, mpaka ujue kila waya na mahali pake. Nenda kwa fundi wa mtaani kwenu ukamwulize kwa adabu, kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na siku utakapomsikia mtu akimwambia mwenzako, "Wewe utakuwa fundi," mjibu kwa niaba yake kuwa, ili awe fundi, mwenzako hana budi kusoma zaidi.