Mashini ya Mama Haiuzwi kwa Kilo



Mwezi uliopita, siku ya posho, baada ya mkutano wa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu alibaki nyuma akisaidia kupanga viti. Akatuambia kwa sauti ya chini: "Kesho vijana wa mitraye watapita. Nitawapa ile mashini ya kushona. Imeshikana, gurudumu halizunguki tena. Na minervali ya mtoto inanidai." Tukamuuliza watamlipa ngapi. Akajibu: "Si wanapima kwa kilo."

Tulinyamaza kidogo. Ile mashini tunaijua. Ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye meza ya mbao na kikanyagio cha chuma kizito. Mama yake aliinunua zamani, wakati walipokaa kambini. Wengi wetu tulivaa nguo zilizopita chini ya sindano yake. Na sasa ingewekwa kwenye mizani pamoja na misumari na vipande vya bati.

Ndiyo sababu juma hili ukurasa wetu unaongea juu ya vyombo vya zamani vilivyo katika nyumba zetu: mashini, pasi ya makala, radio, frigo iliyokufa. Tutaona kipi kina kazi bado, kipi ni hatari, na kipi ni cha nani.

Vyombo hivi viliingia katika nyumba za wazee wetu kwa njia moja kubwa. Union Minière ilianzishwa 1906. Mwanzoni ilileta wanaume kwa mkataba mfupi, kisha wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ikabadili desturi: ikataka mfanyakazi akae miaka mingi, aje na bibi yake, wazae watoto kambini. Wamama wakapelekwa fwaye, wakafundishwa kupika, kutunza mtoto na kushona. Baba alipopata akiba alinunua kinga, gramafoni au radio. Mama aliyejua kushona aliomba mashini. Ilikuwa heshima ya nyumba, lakini pia ilikuwa mlango wa franka zake mwenyewe.

Kisha kampuni ikawa ya nchi mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines. Miaka ya 1990 tunaikumbuka wote: mishahara ikachelewa, miezi ikapita bila kitu. Nyumba nyingi ziliuza viti, zikauza radio, zikauza hata vitanda. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa kujitolea, wakapewa franka za mwisho. Kwa hiyo, ukiona leo mashini ya zamani bado imesimama katika pembe ya nyumba, ujue kuna mama aliyekataa kuiuza wakati wa njaa. Basi tusiitupe wakati wa uvivu.

Tulimwambia mwenzetu: "Tupe majuma mawili." Tukakubaliana zamu yake ya likelemba isogezwe mbele, ili minervali ilipwe bila kugusa mashini. Haikuwa rahisi. Mama aliyekuwa na zamu hiyo alinung'unika, na alikuwa na haki, maana naye ana mambo yake. Mwisho akasema: "Sawa, lakini mimi nitakuwa wa kwanza kushonewa." Tukacheka, tukaandika katika kitabu.

Sasa tueleze namna tulivyofanya, maana tunajua nyumba nyingine za Kasungami zina mashini kama hiyo.

Kwanza, usilazimishe gurudumu. Mashini iliyoshikana mara nyingi haikuvunjika. Mafuta ya zamani yamekauka ndani yake, yamekuwa kama gundi. Tulitia matone ya petroli katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, tukaiacha usiku mzima. Asubuhi tukazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, kuelekea kwetu. Siku ya kwanza lilisogea kidogo tu. Tukatia tena, tukangoja tena. Siku ya tatu likazunguka lote. Lakini tahadhari, wamama: petroli na mbabula havikai pamoja. Fanyeni kazi hiyo nje, mbali na moto na mbali na watoto.

Pili, ondoa uchafu. Tulifungua kibati kilicho chini ya sindano, tukatoa nyuzi na vumbi vya miaka mingi kwa burashi ndogo. Vilijaa mkono mzima. Lakini rangi nyeusi na maua ya dhahabu msivisugue kwa karatasi ya msasa. Kitambaa laini na mafuta kidogo vinatosha. Tunasema hivyo kwa sababu mashini nyingine tuliisugua sisi wenyewe kwa nguvu, na maandishi yake yote yakatoka. Inashona, lakini uso wake umeharibika, na hatuwezi kuurudisha.

Tatu, mafuta. Tumieni mafuta meupe ya mashini ya kushona, tone moja kila tundu. Msitie mawese, msitie mafuta ya kupikia, wala mafuta machafu ya motokari. Mafuta ya chakula yanalainisha leo, kisha yanaganda, na mashini inashikana kuliko mwanzo.

Nne, sindano. Wengi wanasema mashini ni mbovu, kumbe sindano imewekwa vibaya. Itazameni sindano: upande mmoja una mfereji mrefu, upande mwingine juu ni bapa. Uzi unaingia kutoka upande wa mfereji na kutokea upande wa bapa. Ukigeuza, mashini inaruka mishono au inakata uzi. Na sindano iliyopinda kidogo haifai tena. Itupeni ndani ya kopo, si chini, watoto wanatembea bila viatu.

Tano, mkaba wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenda la juu. Ukilegea, kikanyagio kinazunguka bure. Ukatwe kidogo, utobolewe tena, ufungwe kwa kile kipini chake cha chuma. Usikaze sana, maana mguu utachoka na mashini itakuwa nzito.

Mwisho, jaribuni juu ya kitambaa kibovu kabla ya kugusa kitenge cha mtu. Kama nyuzi zinajikunja chini ya kitambaa, tatizo mara nyingi liko juu: uzi wa juu haukupita vizuri mahali pake au haukukazwa. Utieni upya tangu mwanzo kabla ya kugusa vifungo.

Mtauliza: vipuri vitapatikana? Kwa mashini nyingi, ndiyo. Mashini za China kama Butterfly, ambazo mafundi wengi wanazitumia, zilifuata umbo la Singer 15. Kwa hiyo sindano yake, na kile kikopo cha uzi wa chini pamoja na nyumba yake, mara nyingi vinafaa kwa Singer 15 ya zamani. Lakini kuna Singer za aina nyingine zenye kikopo cha umbo lingine. Mkienda sokoni, bebeni kile cha zamani mkononi, mlinganishe.

Tulitazama pia namba iliyopigwa juu ya chuma, upande wa kulia chini. Ilianza na herufi mbili, ya kwanza E. Hiyo inaonyesha kwamba ilitengenezwa Clydebank, kule Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Kiwanda kilikufa, lakini mashini iko Kasungami na inashona.

Kwa nini inaweza kushona? Kwa sababu haingoji umeme. Hilo ndilo jambo la kupima katika kila chombo cha zamani. Mwaka 1949, ng'ambo ya mpaka, radio ya Lusaka ilitaka watu wa kawaida waisikilize, lakini nyumba zao hazikuwa na umeme. Basi Harry Franklin, aliyehusika na kazi hiyo, akaomba kampuni ya Ever Ready itengeneze radio ya bei ndogo inayotumia betri. Ilikuwa ya mviringo, ya rangi ya buluu, kama sufuria isiyo na mpini, na watu wakaiita radio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake ilidumu saa kama 300. Aliyeitengeneza alifikiri kwanza juu ya nyumba ya msikilizaji. Sisi pia, ambao umeme wetu unakuja na kuondoka, tufikiri hivyo kabla ya kutupa kitu na kununua kipya kinachotaka waya.

Lakini si kila cha zamani ni kizuri. Pasi ya makala ni rafiki yetu, lakini makala yanatoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Msipige pasi ndani ya chumba kilichofungwa, hasa mtoto mchanga akilala humo. Pasi ya umeme yenye waya uliochubuka, msiifunge kwa kitambaa na kuendelea. Fundi abadilishe waya wote, au iondoke nyumbani.

Na frigo iliyokufa, ile tunayoweka unga na nguo ndani: tazameni mlango wake. Frigo za zamani zinajifunga kwa kitasa, na mtoto akiingia kucheza hawezi kufungua kutoka ndani. Watoto wengi walikufa hivyo kule Marekani, mpaka mwaka 1956 ikatoka sheria kwamba frigo mpya lazima iweze kufunguliwa kutoka ndani. Kama yenu ina kitasa, kitoeni leo, au ondoeni mlango kabisa.

Sasa tunarudi kwa mwenzetu, maana kuna jambo alilotuambia tulipokuwa tunasafisha, mikono imejaa petroli. Mume wake alipofariki, matanga hayajaisha, mashemeji walikuja kuandika vitu. Wakachukua kinga, wakachukua radio. Walipofika kwenye mashini akasema: "Hii ni ya mama yangu." Wakamuuliza: "Karatasi iko wapi?" Hakuwa nayo. Mama mmoja mzee wa jirani ndiye aliyesimama, akasema alijifunza kushona juu ya mashini hiyo kwa mama yake, kabla huyu mwenzetu hajaolewa. Mashini ikabaki. Radio haikurudi mpaka leo. Yule mama mzee naye amekwisha kufa. Kama wangekuja sasa, nani angesema?

Wamama, Sheria ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa 2016, inampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyokaa na mume wake pamoja na vyombo vyake vya ndani. Watoto pia wana haki yao mbele ya ndugu za baba. Lakini ndoa iwe imeandikwa etasivili. Na siku ya kilio mtu hana nguvu ya kubishana. Kwa hiyo mambo hayo yaandikwe mapema, wakati wote wako hai na wanapendana. Si kumtakia mume kifo. Mume mwenyewe na aweke sahihi.

Pia vitu hivi vina ukumbusho. Tangu mwaka 2000, mradi unaoitwa Mémoires de Lubumbashi, ambao profesa wa historia Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa mmoja wa viongozi wake, umekusanya ukumbusho wa wakaaji wa mji huu: maneno yao, picha zao na vitu vyao vya nyumbani. Kama wenye elimu wanaona mashini ya mama yako inastahili kuulizwa habari zake, wewe pia muulize mama yako kabla hajaondoka: uliinunua mwaka gani? Kwa franka za nini? Nguo ya kwanza ulimshonea nani?

Juma hili tunaomba kila mama afanye jambo moja. Chukua karatasi. Andika chombo, mwaka kilipoingia, aliyekinunua, na kama kina namba, andika namba. Watu wawili waweke sahihi. Weka karatasi pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Asiyejua kuandika asione haya. Siku ya posho tutakuwa na kalamu, tutaandika pamoja.

Mashini ya mwenzetu sasa inafanya kazi. Bado inapiga kelele kidogo, na tunafikiri kuna skrubu tusiyoiona. Nguo ya kwanza ilikuwa ya yule mama aliyetoa zamu yake, kama tulivyoandika katika kitabu. Ya pili alishona mtoto wa minervali mwenyewe: mfuko wa daftari, mishono imepinda, na mama yake amekataa kuifumua.

Vijana wa mitraye walipita. Tukawapa ile pasi yenye waya mbovu. Hiyo wapime.

Mbakie salama.