MASHINE YACHAPA NYUMBA: FUNDI NAYE ATAKULA WAPI?

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Tulizoea kwamba kinachochapwa ni kitabu, gazeti au, kwa sisi wanafunzi, mtihani. Siku hizi hata nyumba huchapwa! Usicheke. Kule Kilifi kuna mtaa uitwao Mvule Gardens, uliopangiwa nyumba 52, ambao kuta zake zilianza kuchapwa kwa mashine. Huko Malawi, wilayani Salima, kuta za shule moja zilisimama kwa saa 18 tu mwaka wa 2021. Saa kumi na nane! Kuna madarasa yanayoanza kujengwa mwezi wa Januari, na Disemba ikifika bado watu wanatazama msingi.

Mashine hii hufanyaje kazi? Mchoro wa nyumba hutiwa kwenye kompyuta. Kompyuta nayo huongoza mdomo wa bomba linalomimina zege, tabaka juu ya tabaka, mfano wa mtu anayekamua dawa ya meno huku akizunguka. Zege lenyewe huchanganywa kwa kipimo maalumu ili lipite bombani bila kukwama, kisha lishike upesi, lisiporomoke likibebeshwa tabaka jingine. Hakuna mawe ya kuchonga wala mbao za kuzuia zege.

Hapo ndipo panaponigusa. Baba yangu ni mwashi. Karo yangu hutoka kwenye mwiko na timazi yake. Mtaani kwetu wako wengi kama yeye, pamoja na watu wa mkono wanaochanganya saruji na kubeba mawe. Ukiwasimulia habari za mashine hii watakuuliza, "Sasa sisi tutakula wapi?" Darasani wenzangu nao wamegawanyika. Kuna wasemao ati mashine ipigwe marufuku. Wengine husema fundi asiyejua kompyuta shauri yake. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Marufuku haitatufaa. Wanaotafuta nyumba ni wengi, na vifaa vya ujenzi ni ghali. Chombo kinachookoa muda na vifaa hatuwezi kukifukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Tena mashine ikishachapa kuta, paa bado halijapigwa, milango na madirisha bado, mabomba na nyaya za stima bado. Lakini tusidanganyane: watu wa mkono ndio watakaoumia kwanza, maana kazi yao ndiyo mashine inayoifanya.

Na hao wasemao fundi ameachwa na wakati, hebu watazame Lamu. Mwaka wa 2018 mafundi wa vyombo, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa, likapambwa kwa vipande vya maelfu ya malapa. Mwaka wa 2019 likasafiri hadi Unguja. Plastiki haina tabia za mbao, lakini mafundi hao waliisoma, wakaichonga, wakaiunga. Kitu kilikuwa kipya, mkono ukawa ule ule wa jadi.

Jijini Nairobi naye Nzambi Matee huchanganya taka za plastiki na mchanga, hupasha moto na kushindilia, akapata kabro za kutandika njiani. Hata mashine za kazi hiyo alizibuni mwenyewe. Mwaka wa 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtuza. Basi nani kasema mambo haya ni ya ng'ambo tu?

Maoni yangu ni haya. Kampuni inayoleta mashine ya kuchapa nyumba ipewe sharti la kuwafunza mafundi wa mahali pale, watu wa mkono wakiwa wa kwanza. Vyuo vya kiufundi vifungue madarasa ya jioni kwa fundi ambaye mchana yuko kazini. Na mafunzo hayo yawe kwa Kiswahili. Baba yangu hutazama ukuta kwa jicho tu akajua umepinda. Kinachomshinda ni kitabu cha maelezo kilichojaa Kiingereza. Ujuzi anao, lugha ndiyo imemfungia mlango.

Hapo ndugu zangu wa Chama cha Kiswahili tuna kazi. Tunashindana kila muhula kwa methali na vitendawili, vizuri sana. Mbona tusiandike pia jinsi zege hili linavyochanganywa, tukabandika pale mafundi wanapongojea vibarua asubuhi? Ajizi ni nyumba ya njaa. Mashine na ije, lakini ikija imkute fundi yuko ndani ya ua akiiendesha, si nje akichungulia.