Aliyemuuzia Mtoto Pombe Anajulikana

Kila wanafunzi wanapokutwa wamelewa, katika pagala lililo jirani na shule au nyuma ya kiwanja cha mpira, husikika wimbo ule ule. Mwalimu huwalaumu wazazi. Wazazi huulaumu utandawazi. Mtendaji wa kata huahidi msako. Polisi huja, huzoa vijana kumi au ishirini na kuwapakia garini, na kabla ya usiku kuingia wazazi huwa wamekwisha kupanga foleni kituoni kuwatoa. Wiki ya pili yake vijana wale wale wamo katika pagala lile lile. Katika mlolongo wote huo wa lawama yuko mtu mmoja asiyetajwa hata kwa bahati mbaya, naye ni yule aliyewauzia.

Mtu huyo si jini. Ana duka, ana grosari, au ana meza yake chini ya mwembe. Pengine ana leseni iliyotundikwa ukutani, yenye mhuri wa halmashauri. Mtaa mzima unamfahamu kwa jina, na watoto humwamkia shikamoo. Pombe hainyeshi kama mvua. Kila chupa inayofika mkononi mwa mtoto wa miaka 14 imepitia kwanza mkononi mwa mtu mzima aliyepokea fedha, akamtazama mtoto huyo usoni, akarudisha chenji.

Wala haifai kusingizia upungufu wa sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema wazi kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba ni kosa kumuuzia kileo, sigara au kitu kingine cha kulevya. Inamtaka mwenye baa au disko ahakikishe kwamba mtoto haingii humo. Kabla yake, tangu mwaka 1968, ipo sheria ya vileo yenye utaratibu wa leseni na saa za kuuzia. Mwalimu anayesubiri sheria mpya ndipo aseme neno juu ya grosari iliyo ng'ambo ya barabara ya shule yake anasubiri basi ambalo lilikwisha kupita.

Somo kubwa katika jambo hili lilitolewa na viroba. Kwa miaka mingi pombe kali iliuzwa nchini katika vifuko vidogo vya plastiki. Kiroba kiliingia katika mfuko wa kaptula ya shule bila kutuna, na bei yake ilikuwa ya kiasi ambacho mtoto aliweza kukifikia kwa kujinyima chakula cha mchana siku moja au mbili. Februari 2017 Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba kuanzia Machi 1 mwaka huo ni marufuku kutengeneza, kuuza na kutumia pombe iliyofungwa namna hiyo. Wenye viwanda walilalamika, wenye maduka ya jumla wakalia hasara, lakini amri ikasimama. Uamuzi ule ulikuwa wa haki kabisa, na anayeubeza hajapata kuokota vifuko vitupu katika vyoo vya shule.

Hata hivyo marufuku ya kifuko si marufuku ya muuzaji. Kifuko kilipoondoka, yule mwuza duka alibaki pale pale nyuma ya kaunta yake, na hamu yake ya faida haikuondoka pamoja na plastiki. Akaleta vichupa vidogo. Asiye na fedha ya kichupa akapimiwa toti. Amri moja kutoka juu iliweza kufunga mtambo wa kiwanda; haiwezi kusimama katika kila kichochoro saa moja ya jioni ikatazama nani anampa nani nini. Kazi hiyo ina wenyewe, nao ni wakazi wa kichochoro hicho wakishirikiana na polisi wao.

Hapo ndipo penye kiini cha mgogoro. Mkuu wa kituo cha polisi ana askari wachache na eneo kubwa. Hajui kwamba duka la tatu kutoka msikitini huuza pombe kali kupitia dirisha la nyuma. Anayejua ni mama ntilie, ni kijana wa bodaboda, ni mwalimu wa zamu, ni mzee aketiye barazani tangu alasiri. Kwa maneno mengine, habari ziko mtaani na mamlaka ya kukamata yako kituoni, na kati ya mtaa na kituo pana handaki.

Nchi hii haikukosa kamwe maarifa ya kulivuka handaki hilo. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, na balozi hodari alijua mgeni aliyelala katika kila nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijiji vya Usukuma na Unyamwezi viliunda sungusungu kupambana na wezi wa ng'ombe, na wezi wakaona moto. Polisi Jamii ilifuata katika miaka ya 2000, na baada yake wakapelekwa maofisa wa polisi katika kata. Jirani zetu wa Kenya, baada ya msiba wa Westgate wa mwaka 2013, waliliazima jina na wazo la Nyumba Kumi wakalipeleka kwao. Inachekesha kidogo kwamba wakati wengine wakija kuazima jembe, mwenye jembe amelitupa uvunguni.

Maana ukweli ni kwamba tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi amebaki kuwa kiongozi wa shina la Chama, na mambo ya usalama yamehamia kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji ambaye mara nyingi hana hata daftari. Na ulinzi shirikishi, katika mitaa mingi, umegeuka kuwa stakabadhi. Mwananchi hulipa mchango wake wa mwezi, hupewa karatasi, na kuanzia hapo hujihesabu kwamba amekwisha kushiriki. Vijana wa doria hupita saa sita za usiku wakipuliza filimbi, saa ambayo mtoto aliyeuziwa pombe saa kumi na mbili jioni amekwisha kutapika na kulala.

Lakini stakabadhi si ubaya mkubwa zaidi. Ubaya mkubwa ni siri inayovuja. Mama mmoja mwenye uchungu hujikaza, huenda kituoni asubuhi, hueleza kwamba duka fulani linauzia watoto pombe au kwamba kijiwe fulani kinauza bangi. Jioni ya siku hiyo hiyo mwenye duka humsimamia mlangoni na kumwuliza, kwa sauti ya upole inayotisha kuliko matusi, amemkosea nini jirani yake. Tangu siku hiyo mama huyo haoni, hasikii wala hasemi, na wenzake kumi walioyaona yaliyompata nao hujifunza upofu huo huo. Halafu hutokea mkubwa katika mkutano wa hadhara akawalaumu wananchi kwamba hawatoi ushirikiano! Askari anayemtaja mtoa habari kwa mhalifu amefanya hiana kubwa kuliko ya mhalifu mwenyewe, na mkuu wake anayemhamishia kituo kingine badala ya kumshitaki ni mshirika katika hiana hiyo. Kabla ya kuomba taarifa moja zaidi kutoka kwa wananchi, jeshi la polisi katika kila wilaya lingepaswa kuonyesha ni nani aliyeadhibiwa kwa kuvujisha zile za mwanzo.

Na msako unapofika, humwangukia nani? Humwangukia mama mwenye ndoo ya komoni, anayesomesha watoto kwa ndoo hiyo. Ndoo humwagwa, mama hulala ndani. Baa yenye taa za rangi na muziki wa kutetemesha madirisha ya bweni la shule hupitwa kama kwamba gari la polisi halina vioo. Wapo watakaosema kwamba kumsema muuzaji ni kumpiga vita mnyonge anayetafuta riziki. La hasha. Hakuna aliyemkataza mtu kumwuzia mtu mzima kwa saa zilizowekwa. Riziki inayohitaji fedha ya mtoto wa darasa la saba ili ikamilike ni unyonyaji kama unyonyaji mwingine wowote, awe anayeila amevaa kanga au tai. Kinachodaiwa ni kwamba mizani iwe moja kwa wote wawili.

Sasa lije neno kwa watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wenye kalamu. Leseni za vileo hutolewa na halmashauri. Yupo ofisa aliyetia sahihi baa ifunguliwe karibu na uzio wa shule, na alipoulizwa alijibu kwamba halmashauri inahitaji mapato. Nchini Kenya sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilikataza leseni kwa baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ofisa wa hapa hahitaji kungoja kipimo cha namna hiyo ili aone kwa macho yake kwamba kengele ya shule inasikika kaunta. Yupo pia mwalimu ambaye Ijumaa alasiri huketi katika baa hiyo hiyo, akahudumiwa na binti ambaye Jumatatu alipaswa kuwa darasani kwake. Mwalimu huyo hawezi kutoa taarifa kwa sababu taarifa yenyewe ingeanza na jina lake.

Nyumbani nako hali si njema. Baba anayemtuma mtoto wa miaka tisa akamletee bia mbili za baridi amemfundisha mtoto njia ya dukani na amemfundisha muuzaji kutouliza maswali. Siku mtoto akija kwa haja yake mwenyewe, mwenye duka atamjuaje? Katika sherehe za kipaimara na za kumaliza shule, makreti hupangwa uani na mtoto mwenye sherehe huonjeshwa ili wakubwa wacheke. Nyanda za juu kusini, ulanzi mpya ulio mtamu, ule uitwao mtogwa, huhesabiwa kuwa kinywaji cha watoto, wakati kila mkulima wa huko anajua kwamba ulanzi haulali: ukipambazuka umekwisha kuwa pombe. Mila ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini wazee waliokuwa na mila walikuwa pia na macho, na kijana aliyelewa mbele yao alijua atakachokipata.

Kwa ajili hiyo hiyo ni lazima kuonya juu ya fimbo. Sungusungu waliondoa wezi wa ng'ombe, lakini pia walipiga watu wasio na hatia, na mahali pengine wakaua. Ushirikiano wa jamii na polisi ukigeuka kuwa leseni ya mgambo kumcharaza mtoto aliyelewa mbele ya umati, utakuwa umezaa jeuri badala ya nidhamu. Mtoto aliyekutwa na chupa ni shahidi kabla ya kuwa mkosaji. Swali la kwanza la kumwuliza, akiwa mbele ya mzazi wake na ofisa wa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ni moja tu: nani amekuuzia? Mtoto huyo akijibu, na akaona muuzaji amefikishwa mahakamani, amejifunza kitu ambacho viboko kumi na viwili haviwezi kumfundisha.

Yanawezekana hayo? Iceland ni nchi ndogo na tajiri, na si busara kuiiga kama kasuku. Lakini inafaa kuitazama. Mwaka 1998 vijana 42 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na 16 nchini humo walisema walikuwa wamelewa ndani ya mwezi uliotangulia. Mwaka 2016 walikuwa 5. Kilichofanyika katikati hakikuwa muujiza. Fedha ziliwekwa katika michezo na muziki ili mtoto awe na pa kwenda. Saa za watoto kuwa nje usiku zikawekwa kisheria. Wazazi wakajipanga kutembea mitaani jioni za mwisho wa wiki, wakisaidiana na polisi, bila rungu wala filimbi. Na kila shule ikapimwa mara kwa mara kwa maswali yasiyotaja majina, majibu yakarudishwa haraka kwa mwalimu na mzazi wa shule hiyo hiyo.

Hilo la mwisho halihitaji utajiri wa Ulaya. Mwalimu mkuu mwenye karatasi na kalamu anaweza kuwauliza wanafunzi wa darasa la sita na la saba, pasipo majina, wananunua wapi. Atapata ramani kamili ya kata yake kwa muda wa kipindi kimoja. Ramani hiyo ikifika mkononi mwa ofisa wa polisi wa kata na mwenyekiti wa mtaa, itaonyesha zaidi ya pombe: itaonyesha duka la dawa linalotoa dawa kali za maumivu bila cheti cha daktari, fundi anayeuza gundi kwa watoto wanaoivuta, na kichaka cha bangi. Kwa hawa wa bangi na unga hatari ni kubwa zaidi, na siri inapaswa kuwa nzito zaidi. Mzazi anayeogopa kituo anaweza kupiga namba 116, ya huduma kwa mtoto, bila malipo. Tangu Februari 2011 hospitali ya Muhimbili inawapa waathirika wa heroini dawa ya methadoni, kila mmoja akinywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Ni kazi ya kiungwana na ya gharama kubwa, na foleni ile ingekuwa fupi zaidi kama kila mtaa ungefanya kazi yake mapema.

Leseni za vileo hazidumu milele. Huja mezani kuhuishwa. Ofisa wa biashara atakayepokea maombi ya safari ijayo anaweza kufanya jambo dogo sana, ambalo halihitaji semina wala posho. Kabla ya kutia sahihi, amwandikie mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani na amwulize kama jina la duka hilo limo katika karatasi za wanafunzi wake.