Wakili Aliyepatanisha, na Kesi Zetu za Mipaka



Katika mkutano mkuu ujao mtaulizwa kama Chama chetu kiwe na Baraza la Suluhu, yaani wazee watatu wa kusikiliza magomvi ya mipaka, ya mikarafuu na ya madeni baina ya mwanachama na mwanachama, kabla hayajafika mahakamani. Wako wanaosema kuwa hayo ni mambo ya kale, na kwamba mwenye haki yake hana haja ya wazee, ana haja ya wakili. Mimi ni katika wanaolitaka Baraza hilo, na hoja yangu nimeitoa kwa wakili.

Wakili huyo ni Bwana Mohandas Gandhi. Wengi wetu twamjua kwa habari za uhuru wa Bara Hindi, lakini wachache wakumbuka kuwa kazi iliyomlisha kwa miaka kiasi cha 20 ilikuwa ya kusimamia kesi. Alisoma sheria London, akapata ubarista mwezi wa Juni 1891, akarejea kwao. Kesi yake ya kwanza huko Bombay ilikuwa ndogo, ya ujira wa rupia 30. Aliposimama kumhoji shahidi ulimi ukamganda, akaketi, akawaambia wenye kesi watafute wakili mwingine. (Nayataja haya kwa ajili ya vijana wetu wanaosoma sheria, wasije wakakata tamaa mapema.)

Mwaka 1893 kampuni ya Dada Abdulla, wafanya biashara Waislamu wa Porbandar waliokuwa Natal, ilimwita Afrika ya Kusini kwa ujira wa pauni 105 asaidie katika kesi yao kubwa. Njiani alipita Lamu na Mombasa, kisha akakaa Unguja juma zima na zaidi akingoja meli nyingine, na mwenyewe ameandika jinsi alivyostaajabia ukubwa wa miti yetu na matunda yake.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Dada Abdulla alimdai jamaa yake, Tyeb Sheth wa Pretoria, pauni 40,000. Kila upande uliweka mawakili hodari. Gandhi alikuwa hajui uwekaji wa hesabu, basi akanunua kitabu akajifunza, akayapitia madaftari yote, akaona kwamba haki iko upande wa mteja wake na ina nguvu. Wakili mwingine angefurahi hapo akangojea siku ya hukumu. Yeye aliona jambo jingine: gharama zapanda kila mwezi, watu wawili wa mji mmoja na ukoo mmoja wazidi kuchukiana, na kesi ikiendelea hivyo mali ya wote wawili itakwenda kwa mawakili, hata ya atakayeshinda. Akamwendea Tyeb Sheth, akamsihi, mpaka pande zote zikakubali kuweka mwamuzi. Mwamuzi akasikiliza ushahidi, na Dada Abdulla akashinda.

Hapo ndipo ninapomsifu zaidi. Tyeb hakuwa na uwezo wa kulipa pauni 37,000 pamoja na gharama kwa mara moja, na kwa wafanya biashara wale kufilisika kulikuwa kubaya kuliko kufa. Gandhi akamrudia mteja wake mwenyewe, mshindi, akamwomba apokee fedha zake kwa mafungu, kwa muda mrefu. Kumlainisha mshindi kulimpa taabu kuliko kuwapeleka wote wawili kwa mwamuzi. Lakini alikubali, deni likapangiwa muda, na heshima ya wote wawili ikazidi mbele ya watu.

Sasa tutazame ya kwetu. Wanachama wawili, ambao sitawataja, wanagombania mikarafuu saba iliyo mpakani. Nyote mwajua kuwa kwa desturi yetu mti waweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule, kwa hiyo jambo lao si la ajabu wala si la aibu. Lakini huu ni msimu wa tatu, na hapana aliyechuma. Chini ya miti hakupitiki kwa magugu. Karafuu zimechanua juu kwa juu zikamwagika. Mmoja ameuza ng'ombe wawili kwa ujira wa wakili, nauli na chakula cha mashahidi, na mwingine amekopa kwa rehani ya karafuu za mwaka ujao, ambazo Mungu peke yake ndiye ajuaye kama zitakuja. Nimepiga hesabu ya mikarafuu hiyo saba kwa pishi na kwa bei ya Shirika, na kila nikiirudia naona kuwa gharama zimekwisha kuipita thamani yake. Na watoto wa nyumba hizo mbili, waliosoma chuo kimoja kwa mwalimu mmoja, hawaamkiani tena njiani.

Yupo mzee mmoja aliyenikabili kwa maneno ya haki kabisa. Alisema: “Katibu, hilo Baraza lako litakuwa la wenye nacho. Mnyonge ataambiwa asamehe, na mwenye nguvu ataambiwa ahsante.” Hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu tumeona suluhu za namna hiyo, za kumpaka mtu mafuta ili anyamaze. Lakini suluhu ya Gandhi haikuanza kwa kusameheana, ilianza kwa daftari. Kwanza ilijulikana nani anadai nini, na upole ukaja baadaye, tena aliyeombwa upole ni mwenye kushinda, si mnyonge. Kwa hiyo natoa shauri kuwa wazee wetu wasikae bila kuziona hati, waende wenyewe mpakani kwa miguu yao, waandike uamuzi wao, na kila upande upewe nakala. Mzee mwenye udugu na upande wowote aondoke kitini siku hiyo.

Na si kila jambo ni la Baraza. Mirathi ina Kadhi wake. Kupiga na kuumiza kuna Polisi na hakimu. Huko Natal alimjia Gandhi kibarua wa mkataba, jina lake Balasundaram, nguo zimechanika na meno ya mbele yamevunjwa na bwana wake. Hakumwambia avumilie. Alimpeleka kwa daktari apate cheti, kisha kwa hakimu siku ile ile, na baada ya hapo ndipo alipomtafutia bwana mwingine wa kuhamishiwa mkataba. Mchumaji wa karafuu akipigwa shambani mwa mwanachama, jambo hilo lisiletwe kwa wazee likafunikwe.

Limebaki la fedha. Wazee wakienda mipakani watahitaji nauli. Mwaka 1894 Gandhi na wenzake walianzisha chama cha Wahindi wa Natal, naye akawa katibu. Ada ilikuwa si chini ya shilingi 5 kwa mwezi; yeye alijiandikia pauni 1. Kila senti ilipewa stakabadhi, na hakupenda kuendesha kazi ya umma kwa fedha ya kukopa. Katika kuchangisha walifika Tongaat, na mwenyeji wao akatoa pauni 3 mahali pa 6. Wakakataa kula chakula chake. Wakakaa naye usiku kucha na njaa yao, na kulipopambazuka akatoa 6, wakala.

Sisemi kwamba nitalala mlangoni kwa mtu. Lakini orodha ya waliolipa ada ya mwaka huu na wasiolipa itabandikwa ukutani mwa ofisi siku ya mkutano, na asiyelipa hatapiga kura juu ya Baraza. Majina ya wazee mnaowaona wanafaa niletewe kwa maandishi, wawili kutoka kila tawi.