Tukate Matawi, Tusikate Roho

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hii tunaikariri darasani wiki nenda wiki rudi, lakini siku ya kukata matawi ya miti tunaisahau kabisa. Mvulana akisita kupanda mti kwa kuwa ameona nyigu, wenzake humcheka na kumwita msichana, kana kwamba sisi wasichana ndio tulioandikiwa woga. Maoni yangu ni kwamba huyo anayesita ndiye mwenye akili, na kwamba mwanafunzi yeyote asipandishwe mtini kabla ya mti wenyewe kukaguliwa.

Naomba nieleweke, ndugu msomaji. Sipingi kazi ya mikono asilani. Mgrevilea, mti ambao asili yake ni Australia, ni lazima upunguzwe matawi. Yakipunguzwa, shina hunyooka likafaa mbao, mwanga ukafika kwenye mimea iliyo chini, nazo kuni zikaenda jikoni. Tena miti itazidi kuongezeka. Mwaka wa 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa sikukuu nzima ya kupanda miti. Sasa kumbuka: mti unaoupanda leo kwa jembe, kesho utaupanda kwa panga. Tumefundishwa kule kupanda kwa kwanza. Hili la pili nani ametufundisha?

Hebu tumtazame nyigu mwenyewe. Yeye hutafuna nyuzi za mti mkavu, akazichanganya na mate yake, akajenga kiota kama cha karatasi. Hukining'iniza chini ya tawi au ndani ya majani mengi, mahali ambapo mvua na macho ya watu havifiki. Hana haja nawe hadi utikise nyumba yake. Ukiitikisa, hutoka kuitetea, kama vile wewe ungetoka na rungu mtu akitikisa mlango wenu usiku. Nyuki akishakuuma huacha mwiba wake mwilini mwako, akafa. Nyigu je? Mwiba wake ni laini kama sindano, kwa hivyo huuchomoa akarudia tena na tena.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa aliye mtini si sumu. Ni kuanguka. Likizo iliyopita, katika boma moja la jirani, kijana mmoja alipanda mgrevilea akiwa na panga mkononi. Mimi nilikuwa nakusanya matawi. Pigo la tatu tu, nyigu wakamvamia usoni. Mtu akiumwa kwenye kope hafikirii, jameni. Aliachilia panga, akaachilia na tawi. Panga lilianguka hatua mbili kutoka nilipokuwa. Yeye alivunjika mkono, akafungwa plasta. Uso ulivimba ukapona kwa siku chache, lakini mkono ulimkalisha wiki nyingi bila kuandika. Kiota chenyewe hakikuzidi kiganja cha mtu mzima!

Wako watakaosema dawa ni kuwachoma moto wote. La hasha! Moto huo huunguza mti, na wakati wa kiangazi unaweza kuteketeza hata ua zima. Isitoshe, nyigu huwinda viwavi ili kuwalisha watoto wake, na viwavi ndio hao hao wanaotafuna mboga zetu. Ukimmaliza nyigu, umemfukuza mlinzi wa shamba bila kumlipa.

Wengine watasema, "Mbona nyumbani hupanda miti kila siku?" Ni kweli. Lakini nyumbani kijana huujua mti wake. Shuleni huonyeshwa mti na kuambiwa, "Haya, panda!" na mara nyingine hiyo ni adhabu ya kuchelewa. Mtu anayetumikia adhabu hufanya haraka ili amalize, na haraka haraka haina baraka.

Mapendekezo yangu hayahitaji hata shilingi. Kwanza, watu wawili wasimame chini na kuutazama mti kwa dakika kumi. Wadudu wakionekana wakirudi mahali pamoja, hapo ndipo kwao. Mti huo uachwe, akaitwe mtu mzima mwenye ujuzi. Pili, asiwepo mtu chini ya anayekata. Tatu, kukata matawi kwa kupanda mtini kusiwe adhabu. Nne, nyigu wakitoka, aliye chini akimbie mbali bila kuwapigapiga, naye aliye juu ashike mti kwanza, kisha ateremke. Tano, aliyeumwa akivimba midomo au koo, au akianza kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Huo si wakati wa kupaka mafuta ya taa wala kungoja kengele. Wako watu ambao mwili wao hauvumilii sumu hiyo hata kidogo, nao huweza kufa kwa muda mfupi.

Dakika kumi ni chini ya mapumziko yetu ya chai. Iwapo hatuwezi kumpa mwenzetu dakika hizo kabla hajapanda, basi tusidai kwamba tunapenda miti kuliko kuni zake.