Mfadhili wa mtoto mmoja, kikohozi cha nyumba nzima

Msomaji, mama mmoja aliniletea watoto wawili kwenye kliniki yangu hapa Nyeri, wote wakikohoa. Mkubwa ana mfadhili ng'ambo, kwa hivyo dawa yake ililipiwa. Mdogo hana. Juma lililofuata mdogo alirudi na nimonia. Mama alikuwa amewagawia chupa ile moja, kila mmoja nusu dozi. Sikumgombeza. Ningekuwa yeye ningefanya nini?

Siupingi ufadhili. Chris Mburu wa Mitahato, Kiambu, alilipiwa karo na Hilde Back, mwalimu wa Uswidi, akawa wakili wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2001 alianzisha hazina ya karo kwa jina la mama huyo. Lakini karo ni ya mtoto mmoja. Kikohozi na minyoo ni vya wote wanaolala kitanda kimoja.

Ukimjua mfadhili, au ukiwa kwenye kamati ya mradi, uliza kama nyumba hiyo ina bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Mchango wa chini uliwekwa shilingi 300 kwa mwezi, na hugharimia wazazi pamoja na watoto. Nimeona zawadi za Krismasi zilizopita bei hiyo ya mwaka mzima.

Na dawa ya minyoo wapewe watoto wote siku moja.